Jogoo Anawika, Lakini Amepimwa?

Kwetu Laare, ndoa ikimaliza miaka miwili bila mtoto, hakuna anayeuliza shida iko wapi. Jibu lilipatikana siku ya harusi: iko kwa mke. Yeye ndiye atapelekwa kwa mganga wa mitishamba. Yeye ndiye ataambiwa afunge na kuomba siku saba. Yeye ndiye atapanda matatu alfajiri kwenda Maua, kisha Meru mjini, kisha Nairobi, akiwa amebeba bahasha kubwa iliyojaa vipimo vya mwili wake peke yake. Mirija imepigwa picha. Homoni zimepimwa. Kizazi kimesafishwa mara mbili na mtu ambaye hakueleza anasafisha nini. Na mume? Mume yuko base na wenzake, bunda liko mezani, anangoja majibu kama mtu aliyepeleka redio kwa fundi.

Mimi nasema mwanaume apimwe kwanza. Asingoje "mke amalize vipimo vyake." Kipimo chake ni rahisi zaidi, hakiumi, bei yake ni ndogo zaidi, na majibu yake yanaweza kumwokolea mwanamke miaka mitano ya kuchomwa sindano bure. Kumpima wa mwisho ni upumbavu wa kitabibu tunaouita heshima.

Tuanze na hesabu. Mwezi wa Aprili 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani. Na madaktari wa uzazi wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba katika karibu nusu ya ndoa hizo, mwanaume anachangia: ama shida ni yake peke yake, ama wote wawili wana kitu. Nusu. Ukirusha shilingi hewani, uwezekano ni huo huo. Lakini sisi shilingi yetu ina upande mmoja tu.

Gharama ya upofu huu si maneno matupu. Julai 2016, huko Masii, kaunti ya Machakos, mwanamke kijana alikatwa mikono yote miwili kwa panga, na mume wake akashtakiwa. Nchi nzima iliona picha zake. Magazeti yaliandika kwamba ndoa ile haikuwa na mtoto, na kwamba hospitali ilikuwa imeshawaambia tatizo liko kwa mume. Soma sentensi hiyo tena. Karatasi ya daktari ilisema hivi, panga likasema vile.

Kwetu mapanga hayajatoka, lakini kuna njia nyingine za kumkata mtu. Shangazi yangu mmoja alirudishwa nyumbani baada ya miaka sita. Hakupigwa, hakutukanwa hadharani. Aliletwa na wazee wawili, kwa adabu, kama mzigo unaorudishwa dukani kwa sababu haukufanya kazi. Baadaye aliolewa upande wa Kianjai, akazaa watoto watatu. Mume wake wa kwanza alioa wa pili, kisha wa tatu. Boma lile bado liko kimya hadi leo, na bado ukiuliza utaambiwa mwanaume yule ana bahati mbaya ya kupata wanawake. Watatu mfululizo! Mkulima akipanda mashamba matatu na yote yakose kuota, hata mtoto wa darasa la nne atamwambia akague mbegu.

Sehemu ya shida iko kwenye lugha yetu. Kiswahili kina neno *tasa*, na tunalitupia mwanamke. Kina neno *mgumba*, ambalo kwa haki lingeweza kumtosha yeyote, lakini hebu sikiliza mtaani: umemsikia nani akiitwa mgumba na ana ndevu? Kwa mwanaume tunaruka moja kwa moja hadi *hanithi*, na hilo ni jambo lingine kabisa. Hapo ndipo tunapojichanganya. Tunadhani jogoo akiwika, basi mayai yatatotolewa. Mwanaume akiambiwa aende akapimwe, anasikia ameambiwa hana nguvu. Anakasirika. "Kwani mimi siwezi kazi?" Unaweza, buda. Hakuna aliyesema huwezi.

Nguvu za kiume ni mambo ya damu, neva, homoni na kichwa kilichotulia. Kutengeneza mbegu ni kiwanda kingine, chenye wafanyakazi wake. Mwanaume anaweza kuwa simba kitandani, akatoa manii ya kawaida kwa macho, rangi ile ile, kiasi kile kile, na ndani kusiwe na mbegu hata moja. Macho hayaoni. Mke haoni. Mwanaume mwenyewe haoni. Darubini ndiyo inaona. Zile karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia Laare hadi Luthuli Avenue, zikiahidi nguvu za kiume ndani ya siku tatu, zinauza dawa ya kuwika. Zinakula pesa za watu wenye shida nyingine kabisa.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda, kwa sababu huko ndiko kuna kitu ambacho wazee wetu hawakuambiwa na sisi tuna simu mfukoni za kutuambia.

Mwanaume ana kromosomu X moja na Y moja. Ile Y ni ndogo, imekonda, na kwenye mkono wake mrefu ndipo kuna maelekezo mengi ya kutengeneza mbegu. Mwaka 1976, Waitaliano wawili, Tiepolo na Zuffardi, walichapisha habari za wanaume 6 wasio na mbegu ambao Y zao zilikuwa zimekatika sehemu ya mwisho ya mkono huo. Miaka 20 baadaye eneo lile lilikuwa limegawanywa katika vipande vitatu, vikapewa majina AZFa, AZFb na AZFc. Kipande kikikosekana, kiwanda kinasimama. Kikikosekana AZFc, mara nyingi bado mbegu chache hupatikana, nyingine daktari anaweza kuzitafuta ndani ya korodani kwa upasuaji mdogo. Kikikosekana AZFa chote, hakuna cha kutafuta. Kwa wanaume wasio na mbegu kabisa kwa sababu kiwanda hakifanyi kazi, karibu 1 kati ya 10 hukutwa na upungufu wa aina hii.

Kuna pia wanaume wanaozaliwa na X ya ziada: XXY. Harry Klinefelter wa Marekani alieleza dalili zake mwaka 1942, na mwaka 1959 Patricia Jacobs na John Strong wakaonyesha ile kromosomu ya ziada. Hali hii si nadra kama unavyodhani. Inakadiriwa kumpata mvulana 1 kati ya kila 600 hivi. Jaza uwanja wa shule tatu kubwa za wavulana na pengine kuna kadhaa pale. Wengi hawatajua mpaka waoe. Mwingine alikuwa tu kijana mrefu, mpole, ndevu chache, anayeingia kidato cha pili bila sauti kuvunjika vizuri, akachekwa, akasahau. Na kuna wanaume ambao kiwanda kinafanya kazi sawasawa, lakini mirija ya kupitisha mbegu haikuumbwa, mara nyingi kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja iitwayo CFTR. Mbegu zipo. Barabara haipo.

Nimeeleza haya yote ili nifike hapa: hakuna hata moja kati ya hayo linalosababishwa na mke. Halisababishwi na laana ya mjomba ambaye hakupewa mbuzi, wala na dawa za kupanga uzazi ambazo mke alitumia akiwa chuo. Mwanaume alizaliwa nayo. Ilikuwa pale siku mama yake alipopata mimba yake, miaka 25 kabla hajakutana na huyo msichana anayelaumiwa.

Hapo ndipo hujibiwa: "Sisi ukoo wetu hatuna ugumba. Baba yangu alizaa wanane."

Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama sayansi. Mtu anasikia neno jeni, anadhani ni urithi tu, kama pua ya babu. Lakini fikiria kidogo. Kama kukosa mbegu kungerithiwa moja kwa moja kutoka kwa baba, huyo baba angekuzaa vipi? Y iliyokatika AZF kwa kawaida hukatika upya, wakati ilipokuwa ikinakiliwa ndani ya mwili wa baba mzima kabisa mwenye watoto wanane. Ile X ya ziada nayo hutokana na kosa la kugawanya kromosomu ambalo hutokea tu, halifuati ukoo. Na kwa mirija, baba na mama wanaweza kila mmoja kubeba nakala moja mbovu ya CFTR bila dalili yoyote, wakazaa vizuri, kisha mtoto akapata zote mbili. Kwa hiyo watoto wanane wa baba yako ni ushahidi kuhusu baba yako. Kukuhusu wewe, hawasemi kitu.

Mkulima wa miraa anaelewa hili vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana kimya chake kinaniudhi. Mchukue mzee yeyote wa Igembe umpeleke shambani. Miti miwili, imechipuka kwenye shina moja la zamani, imepandwa siku moja, udongo ule ule, mvua ile ile. Atakwambia huu unatoa machipukizi mazuri, ule unasumbua. Hatasema ule umerogwa. Hatasema jirani ya mti ndiye mwenye makosa. Atasema miti hutofautiana. Mzee huyo huyo ukimwambia watoto wake wa kiume wanaweza kutofautiana ndani ya damu, anasimama na kuchukua fimbo yake.

Na kwa vile nimetaja miraa, ngoja niwageukie nyinyi wa Nairobi mliokuwa mnacheka kimya kimya. Najua mzaha wenu. "Hao wa Meru wametafuna mpaka wakakauka." Tumeusikia kwenye matatu, kwenye vichekesho, na tuliusikia tena Mei 2024 wakati kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka wa kutoka Embu, kila mtu akawa daktari wa wanaume kwa wiki mbili.

Ushahidi wenyewe unasema nini? Unapingana. Mwaka 2005 watafiti wa King's College London walisema kemikali zinazotokana na miraa zilizifanya mbegu, kwenye maabara, kuwa tayari kurutubisha yai haraka zaidi. Utafiti wa nyani uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta testosteroni yao imepanda. Tafiti nyingine, za panya, zilikuta imeshuka. Kuna pia ripoti za mbegu zilizoharibika umbo kwa watafunaji wa muda mrefu. Sitetei jani. Mtu anayekesha usiku tatu kwa wiki, anavuta sigara juu yake na hali chakula, mwili wake utalipa mahali fulani. Mwambie apunguze, mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo mabadiliko mazuri yanaweza kuonekana. Lakini "ni miraa tu" ni sentensi ya uvivu, pacha wa "ni mke tu." Zote mbili zinafunga faili kabla mtu hajapimwa. Mwanaume ambaye Y yake imekatika anaweza kuacha miraa leo, akanywa maziwa miaka kumi, na kipande kile hakitarudi. Wakati huo wote mke bado anafunga na kuomba.

Najua pia kuna wajanja ambao wamesikia neno jeni na tayari wamefungua duka. Unatuma mate, unalipa, unaambiwa una mabadiliko kwenye jeni ya MTHFR, kisha unauziwa vitamini za miezi sita. Pole pole. Badiliko linalozungumzwa sana la jeni hiyo ni la kawaida kabisa Italia na Mexico, na ni nadra kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara. Tafiti zinazolihusisha na upungufu wa mbegu zinatofautiana kati ya bara na bara. Ukichukua hofu ya Mwitaliano ukamuuzia Mmeru, hiyo ni biashara.

Hapa kuna jambo zito zaidi. Watu wa Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, na ndio waliosomwa kidogo zaidi. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulichapisha matokeo ya kusoma jenomu nzima za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha barani. Watu 426 tu, ambao hawajazi hata harambee moja. Walikuta zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Sasa fikiria ni ngapi ziko milimani Nyambene, hazijaulizwa.

Kwa nini hilo lina maana kwa mwanaume anayetafuta mtoto? Kwa sababu tofauti moja haina maana moja kila mahali. Kuna upungufu mdogo ndani ya AZFc ambao tafiti kadhaa, nyingi za Ulaya, ziliuhusisha na mbegu chache. Lakini huko Japani kuna ukoo mzima wa kromosomu Y ambao wanaume wake wote wana upungufu huo huo, na wamekuwa wakizaa vizazi na vizazi. Kitu ambacho ni hatari kwa mmoja, kwa mwingine ni alama tu ya kuzaliwa. Usipowasoma watu wa mahali, utawatisha bure, au utawatuliza bure. Ndiyo maana ninapodai wanaume wetu wapimwe, ninadai pia wasomwe: hapa, na watafiti wa hapa, kwa ridhaa yao, na majibu yarudi Laare, yasiishie kwenye jarida ambalo hakuna muuguzi wa Igembe anaweza kulifungua bila kulipia.

Sasa wapinzani. Nimewasikia, wengine ni ndugu zangu, na hoja zao si za kijinga zote.

Wa kwanza anasema: "Ukimwambia mwanaume hana mbegu, umemuua. Afadhali asijue." Nakubali inauma. Kijana aliyelelewa akiambiwa mwanaume ni shamba, ng'ombe na watoto, ukimwondolea moja unamtikisa. Lakini tazama tunachofanya sasa: tunamlinda asitikisike kwa kumvunja mtu mwingine. Maumivu hayajaondoka. Yamehamishwa upande wa pili wa kitanda.

Wa pili anasema: "Ujue halafu? Kwani yatatibika?" Mengine ndiyo. Mishipa iliyovimba kwenye korodani, maambukizi, homoni, mirija iliyoziba, mengi ya haya yana dawa au upasuaji. Ya jeni mengi hayana dawa, lakini kujua kunabadilisha kila hatua inayofuata. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipofanikisha njia ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai, mwanaume mwenye mbegu chache sana anaweza kuwa baba. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, Nairobi, kwa Daktari Joshua Noreh. Ila gharama ni laki kadhaa kwa jaribio moja. Kabla hujauza shamba la miraa, si ni vizuri ujue kama ni AZFc, ambapo kuna tumaini, au AZFa, ambapo hakuna? Na ujue kwamba ukifanikiwa kwa njia hiyo, mtoto wa kiume atarithi Y ile ile, na siku moja utalazimika kumwambia. Wengine wataamua kuasili. Wengine wataamua kuishi wawili. Hayo yote ni maamuzi, na huwezi kuamua juu ya kitu usichokijua.

Wa tatu hasemi kwa sauti. Anatabasamu tu na kusema, "Kitanda hakizai haramu." Tunaelewana. Kuna maboma ambayo yalipata watoto kwa njia ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Mke alibanwa hadi kona, akajua au akashuku shida si yake, akatafuta suluhisho kimya. Mwandishi wa Nigeria Lola Shoneyin aliandika riwaya nzima juu ya hili mwaka 2010, *The Secret Lives of Baba Segi's Wives*: mwanaume mwenye wake wanne anampeleka hospitali yule mmoja asiyezaa, na mwisho wa safari inajulikana aliyehitaji kupimwa ni nani. Wasomaji wa Lagos walicheka. Msomaji wa Meru anacheka huku akihesabu majirani. Lakini methali ile ilitungwa kumlinda mtoto, na iendelee kumlinda. Mtoto hana kosa. Haikutungwa ili mwanamke alazimike kuhatarisha maisha yake kwa sababu mume amekataa kukojoa kwenye kikopo. Hata si kukojoa.

Mimi nimepimwa. Sina mke, hakuna aliyenilazimisha, lakini sitaki kumwambia mtu apande mlima ambao sijaupanda. Nilikaa siku tatu bila tendo lolote, kwa sababu wanataka kati ya siku mbili na saba. Nikaenda maabara moja Nairobi, nikapewa kikopo chenye jina langu na nikaonyeshwa choo ambacho mlango wake haufungi vizuri. Nje kulikuwa na watu wanangoja kupimwa malaria. Ilikuwa aibu ya dakika 15. Nililipa shilingi elfu mbili. Majibu yalitoka siku hiyo hiyo: idadi, mwendo, umbo. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 ni milioni 16 kwa kila mililita. Yangu nitakaa nayo mwenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa: ni karatasi ya mtu na daktari wake, si ya kikao cha ukoo. Linganisha dakika zangu 15 na picha ya mirija ambayo dada zangu wamesimulia wakiuma meno.

Kipimo kikiwa kibaya, hurudiwa baada ya wiki kadhaa, maana homa moja kali inaweza kushusha idadi. Kikija tena sifuri au karibu na sifuri, hapo ndipo damu inachukuliwa kuangalia kromosomu na ile Y. Ngazi kwa ngazi.

Ninataka nini basi? Naanza na wazee. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilikutana na kupiga marufuku ukeketaji Meru, chini ya shinikizo la serikali ya mkoloni. Wasichana wengi walikataa, wakajikeketa wenyewe, na katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Mwanahistoria Lynn Thomas ameandika kitabu kizima, *Politics of the Womb*, juu ya jinsi tumbo la mwanamke wa Meru lilivyogombaniwa na wazee, wamishonari na serikali kwa miongo mingi. Miongo mingi, wakuu, na hakuna kikao hata kimoja kuhusu mwili wa mwanaume? Njuri ina sauti ambayo daktari hana. Itamke tu hivi: hakuna mwanamke atakayerudishwa kwao kwa sababu ya watoto kabla mume hajaleta karatasi yake. Sentensi moja. Haihitaji bajeti.

Kliniki nazo ziache kupokea mwanamke peke yake miaka minne mfululizo, zikimlipisha kila safari, bila kuuliza "mzee yuko wapi?" Hiyo ni biashara inayojua kabisa inachofanya. Bunge nalo. Mbunge Millie Odhiambo amesukuma mswada wa teknolojia ya uzazi kwa zaidi ya miaka kumi huku wengi wakiuchukulia kama mambo ya kina mama. Si ya kina mama. Nusu yake ni yenu. Na makanisa yanayodai cheti cha HIV kabla ya harusi yatumie mimbari hiyo hiyo kusema, baada ya harusi, kwamba mwanaume kupimwa si dhambi wala si aibu. Ila sitaki cheti cha mbegu kiwe sharti la ndoa. Tusije tukatoka kuwarudisha wanawake tukaanza kuwachuja wanaume kama ng'ombe wa mnada. Jeni isigeuke jina jipya la laana.

Na wewe kijana unayesoma hii kwenye simu, pengine uko Roysambu, pengine umerudi ushago Laare kwa wikendi. Wewe huhitaji Njuri wala bunge. Mkianza kutafuta mtoto na mwaka ukapita, usimwambie "enda ukaangaliwe." Sema "nimeenda." Nenda peke yako, asubuhi, kabla hujamwambia mtu. Leta karatasi nyumbani, iweke mezani, iwe nzuri au mbaya. Ikiwa nzuri, umepunguza nusu ya maswali na mtamtafuta daktari wake pamoja. Ikiwa mbaya, umemtoa mke wako kwenye kiti cha mshtakiwa, na kazi hiyo hakuna mganga, pasta wala mama mkwe angeifanya kwa niaba yako.